Kambi ya Wasiofukuzwa

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ametoka kulala msituni na wanawe, na juzi alilitandaza hema lao kwenye ukingo wa baraza ili likauke. Nilikuwa napanda ngazi na mifuko ya sokoni. Harufu ilinifikia kabla sijaliona hema lenyewe: plastiki iliyolowa inapoanza kupata jua, na ndani yake moshi wa kuni na nyasi zilizokanyagwa. Nikasimama palepale hadi vidole vilivyoshika mifuko vikaanza kufa ganzi. Wenzangu wa rika langu waliokulia kambini wataelewa. Kuna watu ambao utoto wao unarudi kwa harufu ya mkate wa moto au sabuni ya mama. Sisi unarudi kwa shitingi.

Shitingi ndiyo ile plastiki nyeupe tuliyoezekea vibanda vyetu kule kambini, Tanzania, upande wa Kigoma, ambako wazazi wangu walikimbilia kutoka Kongo. Mchana ilichemka, usiku ilipigapiga kwa upepo, na mvua ikinyesha hapakuwa na mtu aliyeweza kumsikia mwenzake. Tulipoletwa Louisville nilikuwa na pengo la meno ya mbele, na jambo la kwanza alilofanya Mama katika nyumba yetu mpya, upande wa Shively, lilikuwa kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Aligonga chumba hadi chumba. "Huu ni ukuta," alimwambia Baba, kana kwamba alikuwa akimtambulisha kwa mgeni. Kwa muda mrefu baadaye, kila jioni kabla hajatoka kwenda kazini, alikuwa akiugonga tena mara moja, kwa siri, akidhani hatumwoni.

Basi fikiria ilivyokuwa siku ile Mjomba Bahati alipopiga simu.

Mjomba Bahati ndiye kaka yake Mama, mkubwa wao. Alitutangulia Amerika na aliishi Gahanna, pembeni mwa Columbus, karibu sana na uwanja wa ndege, hata simu zake zote zilikatizwa na ngurumo. Mama alikuwa jikoni anakaanga ndagala, wale dagaa wa kwetu, Baba ameiweka simu mezani ili sauti isikike kwa wote. Mimi na mdogo wangu Elia tulikuwa koridoni tunacheza.

"Bon, sikiliza, Mama Sifa," Mjomba alisema. "Tunaenda wote kwa kambi. Familia yote. Mdogo wako Vumilia naye atatoka Buffalo."

Mama alizima jiko. "Kambi gani?"

"Ya kulala kwa pori. Batoto bangu baliona benzao ba shuleni banaenda, nabo banataka."

"Mi nimetoka kambi, yaya. Siwezi kurudi," alisema Mama, akimwita yaya kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Si kambi ile. Hii ni ya kupumzika, donc..."

"Iko na hema?"

Ndege ikapita. Tulingoja wote imalizike.

"Iko na hema," Mjomba alikubali.

"Basi ni ile," Mama akasema, na akawasha jiko tena.

Lakini Baba alichukua simu, akatoka nayo nje, na aliporudi nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mambo yaliyokwisha kuamuliwa: "Tutaenda tu. Vumilia atakuwa huko." Harufu ya ndagala walioanza kuungua ilijaza nyumba nzima.

Nilielewa kama mtoto anavyoelewa, kwa kuokota maneno na kuyaunga mwenyewe. Tulikuwa tunarudishwa. Sikujua tumekosa nini. Nilijua tu kwamba ukuta, bomba la maji ya moto, basi la njano la shule, vyote vilikuwa vya kuazima, na sasa mwenye navyo amevidai. Sikulia. Nilikuwa mtoto wa kambini, na kuhama kwangu kulikuwa jambo kama mvua. Nilichofanya ni kuficha penseli zangu za rangi nyuma ya friji, kwa matumaini kwamba mtoto atakayekuja baada yetu hatafagia huko.

Siku ya kufunga shule nilimuaga mwalimu wangu, mama mmoja mwenye madoadoa usoni na sauti nyororo. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba tunaenda kambini, tutakaa kwenye hema. Nilitarajia anikumbatie kwa huzuni. Badala yake uso wake uling'aa. Akasema nina bahati. Akasema hata yeye huenda kila mwaka na mume wake, na akanisihi nisikose kula vile vitamu vyeupe, laini kama pamba, vinavyochomwa motoni kwa kijiti. Nilirudi nyumbani kwenye basi nimeduwaa. Kumbe hata walimu walipelekwa. Kumbe hii ni nchi ambayo kila mtu zamu yake inafika.

Tuliondoka asubuhi. Baba alikuwa amenunua hema dukani, na jambo hilo nalo nililishangaa kimoyomoyo, kwamba huku hata hema la ukimbizi unajinunulia. Nyuma ya gari kulikuwa na majiko, mablanketi, sanduku la barafu lenye sombe ya kuganda, yale majani ya mihogo yaliyotwangwa, na mfuko wa unga. Tulivuka ule mto mpana, Ohio, tukapita mji, tukaingia mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Kwa muda mrefu Mama alikaa vizuri tu, Biblia mapajani, akimega mkate kumpa Elia. Baadaye barabara ilianza kupinda na kuwa nyembamba, vilima vikatokea, na miti ikasogea pande zote mbili hadi matawi yakakutana juu yetu. Hapo Mama alifunga dirisha, akaushika mpini wa mlango, wala hakuuachia tena mpaka gari likasimama.

Nilifikiri anaogopa hema. Wote tulifikiri hivyo.

Jinsi nilivyoiona kambi ile kwa mara ya kwanza, sidhani kama nimewahi kuona kitu tena kwa namna hiyo. Ilikuwa kambi ya wazungu. Mahema ya buluu, ya machungwa, ya kijani yalijaa chini ya miti mirefu, na moshi ulipanda kutoka kila upande ukishikwa na miale ya jua. Mzee wa kizungu, magoti wazi, alipiga magoti akipuliza moto. Mwanamke alimwogesha mtoto wake kwenye beseni. Watoto walikimbia miguu mitupu, wachafu kama sisi tulivyokuwa wachafu. Na kisha akapita mwanamume mmoja amebeba dumu la maji, mwili umeinama upande mmoja, mkono mwingine ameunyoosha mbali ili asianguke. Mwendo ule niliujua. Ulikuwa mwendo wa Mama, wa jirani zetu wote, wa kila mtu niliyemjua kabla sijajua kusoma. Sikuwahi kudhani mzungu anaujua.

Nilimshika Elia mkono tukasimama katikati ya njia. Nilikuwa nimewaogopa watu hawa tangu siku ya uwanja wa ndege, vile walivyokuwa na kila kitu. Sasa niliwaonea huruma, huruma kubwa iliyonijaa kifua. Walikuwa wakicheka. Nikawaza, ni wapya. Hawajajua itachukua muda gani.

Baba na Mjomba, ambaye alikuwa amefika kabla yetu na wanawe wawili, walianza kuhangaika na vyuma vya hema. Mama hakushuka garini. Mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa na nilijua kazi yangu, nilichukua sufuria, nikaenda na Elia kutafuta posho. Haikuwa vigumu kuipata. Kulikuwa na kibanda cha mbao chenye dirisha, na mbele yake foleni. Tulipanga foleni. Mzee aliyekuwa mbele yetu aligeuka, akatutazama na sufuria yetu, akatupisha. Mwanamke wa dirishani, mwenye shati la kaki, aliinama kuniuliza ninataka nini. Nilijinyoosha nikamweleza kama nilivyofundishwa kueleza: sisi ni watu wanne, wengine wametoka Columbus, na mmoja bado yuko njiani kutoka Buffalo.

Alinitazama kidogo. Kisha alichukua sufuria, akaijaza barafu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Niliibeba barafu ile kwa uangalifu hadi kwenye hema letu, ambalo bado lilikuwa limelala upande. "Baba," nilisema, "posho ya huku ni barafu."

Baba aliacha nyundo. "Nani amekuambia posho?"

"Tumepanga foleni. Baba, nani amewafukuza?"

"Amewafukuza nani?"

"Hawa wazungu."

Mjomba Bahati alianza kucheka, lakini Baba alimwinulia kiganja. Alichuchumaa mbele yangu, akaitoa sufuria mikononi mwangu kwa sababu ilikuwa imenigandisha vidole, akaiweka chini. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika alipokuwa anahesabu mambo yote ambayo huenda nimeyabeba peke yangu wiki zile.

"Hakuna mtu amewafukuza, mama," alisema. "Wako na nyumba zao. Wamekuja kulala hapa kwa kupenda. Na sisi tumekuja kwa kupenda, tutarudi nyumbani."

"Kwa kupenda, kwa nini?"

Alitazama mahema, mioto, yule mwanamume wa dumu aliyekuwa sasa ananawisha wanawe mikono. Nafikiri kwa kweli alikuwa akitafuta jibu.

"Nadhani ni kwa sababu Jumatatu wanarudi," alisema.

Nililibeba jambo hilo jioni yote. Niliwaangalia wale watu upya, na mshangao wangu uligeuka ukawa mwingine, mkubwa zaidi: kwamba kuna watu duniani ambao kwao kukosa ukuta ni mchezo. Sikuwachukia. Nilitaka kuwakaribia niwaone vizuri. Nilikwenda nikasimama pembeni mwa moto wa majirani hadi wakanipa kile kitamu cheupe kwenye kijiti, na kilikuwa kama mwalimu alivyosema.

Mama bado alikuwa garini. Mlango ulikuwa wazi, mguu mmoja ndani, mmoja umening'inia nje bila kugusa ardhi. Baba alimpelekea chai.

"Mama Sifa, hema hili si shitingi. Njoo ulishike, ni kitambaa."

"Sijasema kitu juu ya hema," Mama alijibu.

Ni hapo nilipoyafuata macho yake kwa mara ya kwanza. Hakuwa akitazama mahema. Alikuwa akitazama nyuma yake, pale miti ilipoanza kuwa mingi na giza la kijani likaanza kati ya mashina.

Mama mdogo Vumilia alifika jua likiwa chini. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote bila kumwona. Alikuwa sauti ya simu, na pia hadithi iliyosimuliwa nusu. Nilijua kwamba wakati wa vita walikimbia pamoja, yeye na Mama, na kwamba kando ya ziwa walitengana. Mtumbwi ulikuwa umejaa, wakampokea mwanamke mwenye kichanga, wakasema msichana atapanda unaofuata. Unaofuata ulikwenda kwingine. Vumilia alikulia Burundi, kisha Uganda, kisha Buffalo, na Mama alimpata kwa simu baada ya kumtafuta kwa kila mtu aliyetoka upande huo. Hayo ndiyo niliyoyajua. Kwamba kichanga kile ni mimi, hilo nilikuwa bado sijalijumlisha.

Nilitarajia mtu mkubwa. Akashuka kwenye gari dogo jekundu mwanamke mfupi, mwenye mwanya, bado amevaa sare ya kazi yake ya kutunza wazee, kwa sababu alitoka zamu akaendesha moja kwa moja kupita kando ya ziwa lao. Hakutuuliza chochote. Alitembea hadi kwenye gari letu, na alivyotembea alikuwa Mama mtupu, mabega yaleyale, hatua ileile fupi ya haraka.

Mama aliteremsha mguu wa kwanza, kisha wa pili. Walisimama wakitazamana.

"Yaya," alisema Vumilia.

"Umenenepa," alisema Mama.

"Wewe umekonda."

Mama alimshika sikio, akaliminya kidogo kama mtu anayekagua kitambaa, kisha akamvuta ndani ya gari, wakafunga mlango. Mjomba Bahati aligeuka akaenda kupasua kuni zilizokuwa tayari zimepasuliwa. Usiku ule dada wawili walilala mlemle garini, viti vimelazwa, na asubuhi nilipotoka hemani madirisha yalikuwa yamejaa ukungu wa pumzi zao.

Baada ya chai, Vumilia alisema tutembee. Mjomba alitaka kubaki na sombe, na wanawe walikuwa wamekwenda na Baba kuvua samaki. Tukaenda wanne: Vumilia mbele, Mama, mimi, na Elia. Nilishangaa Mama amekubali. Ila tulipofika pale njia ilipoingia mitini, alisimama.

"Njia hii inatokea wapi?"

"Inarudi palepale tunapoanzia, yaya. Nimesoma kibao."

"Miti inaziba."

"Ni miti tu."

"Na kule ilikuwa miti tu," Mama alisema.

Vumilia alirudi, akamshika mkono. Hakumvuta. Alisimama naye pale, na watu waliovaa mabegi mgongoni walitupita wakisema asubuhi njema, na bado walisimama. Elia akaanza kuokota mawe. Mwishowe ni Mama aliyeinua mguu.

Sijui nieleze vipi mahali tulipoingia. Njia ilishuka kwa ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, na kwa kila hatua hewa ikawa baridi zaidi, hadi ikawa kama tumeacha kiangazi juu. Kuta za mawe zilipanda pande zote, rangi ya kutu na asali, zimetobolewa vijishimo vingi kama sega la nyuki. Miti ilisimama juu ya mawe, mizizi yake ikiyakumbatia na kuteremka hadi chini kama mikono ya mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Kila kitu kilidondosha maji. Nilitaka kusema kitu lakini nikaona aibu kusema mahali pale, kama ambavyo mtu huona aibu kupiga kelele kanisani. Hata Elia, ambaye hakujua kunyamaza, alininong'oneza kwa Kiingereza kuuliza kama kuna mtu anaishi huku.

Kisha mwamba ukafunguka. Lilikuwa pango lisilo na mlango, paa kubwa la jiwe lililotokeza mbele, pana kuliko kanisa letu la Louisville, na chini yake mchanga mweupe mkavu. Kutoka ukingoni mwa paa maji membamba yalianguka mbele yetu kama pazia, na nje ya pazia msitu wote ulikuwa kijani unatetemeka. Niliinua kichwa hadi shingo ikauma. Sikuwahi kuwa mdogo kiasi kile. Na jambo la ajabu ni kwamba sikuogopa.

Mama alikuwa amesimama ukingoni, kiganja juu ya jiwe.

"Vumilia," alisema. "Umeona?"

"Niliona kwa picha, yaya. Yaya Bahati alinitumia picha ya hapa. Ndiyo maana nilisema nitakuja."

"Ungeniambia."

"Usingekuja."

Vumilia alikaa mchangani, akapigapiga mchanga kando yake ili nikae. "Sifa," alisema, "mama yako amekuambia ulizaliwa wapi?"

"Kambini. Hospitali ya kambi." Nilikuwa na picha yake kamili kichwani: taa, muuguzi wa nguo nyeupe, kitanda cha chuma.

"Vumilia, acha," Mama alisema.

"Mtoto amekua, yaya."

Maji yaliendelea kuanguka. Mama alitazama mchanga. Kisha alikaa naye, mbali kidogo, mgongo kwenye mwamba, na kukaa kwake kulikuwa ruhusa.

"Ulizaliwa mahali kama hapa," Vumilia aliniambia. "Padogo, lakini jiwe lilikuwa hivi, juu. Tulikuwa tunakimbia porini na watu wengi, baba yako tumepotezana naye. Uchungu ulipomshika mama yako, wale watu walisema tukae mbali nao. Usiwachukie. Mtoto akilia, wote wanapatikana. Tukabaki sisi wawili."

"Nani alimsaidia?"

"Mimi."

"Ulikuwa muuguzi?"

"Nilikuwa nimekuzidi wewe kidogo tu. Sikuwahi kuona mtu anazaa. Mama yako alikuwa ananiambia fanya hivi, fanya vile, na yeye mwenyewe hajui, ilikuwa mara yake ya kwanza. Tulikuwa na wembe mmoja. Hatukuweza kuwasha moto." Alinyoosha mikono yake mbele yangu, viganja juu, mikono ile ya kuwaogesha wazee wa Buffalo. "Ukatoka. Na hukulia. Nilikupangusa, hukulia. Nikamwangalia mama yako, naye akaniangalia, na tulikuwa tumeomba usiku wote usilie, na sasa tulikuwa tunakuomba ulie. Nilidhani umekufa. Kisha ukafungua macho. Ukalitazama jiwe. Hivi, muda mrefu, kama mtu mzima aliyefika mahali."

Nililala chali mchangani. Sikukusudia, mwili ulilala wenyewe. Paa la mwamba lilikuwa juu yangu, na mistari yake, na unyevu wake, na mwanga wa maji ukicheza juu yake. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote kukumbuka. Bila shaka sikukumbuka kitu. Lakini nilihisi jambo ambalo hadi leo sina jina lake, kwamba kabla ya shitingi, kabla ya yote, kulikuwa na jiwe juu yangu, na watu wawili wakinitazama kama nilivyokuwa ninalitazama.

"Nilitaka uzaliwe hospitali," Mama alisema kutoka pale alipokaa.

Ni hilo tu alilosema. Vumilia alikwenda akakaa karibu naye, akamfungulia kitenge alichokuwa amejifunga begani, akakitandika. "Lala kidogo," alimwambia. "Jana hukulala. Nilikusikia."

"Hapa?"

"Mi niko macho."

Nilijua Mama hatalala. Mama hakuwa mtu wa kulala. Alirudi kutoka zamu ya usiku kule ghala la mizigo akapika, akafua, akasinzia kwenye kiti na kuamka kwa mlio wa kijiko. Alijilaza ubavu, akafungua macho mara mbili tatu kuangalia ukingo wa miti. Kisha hakuyafungua tena.

Alilala. Alilala mdomo wazi kidogo, kama Elia alivyolala. Niliuona uso wake bila kazi yoyote juu yake na ukanishtua, kwa sababu ulikuwa uso wa msichana. Vumilia alikaa amekunja miguu, mgongo wake kwa Mama, uso kwa msitu. Watu walikuja kuliona pango, familia zenye watoto na kamera, na walipofika ukingoni na kumwona mwanamke aliyelala na sisi tulioketi kumzunguka, walishusha sauti. Baba mmoja alimbeba mwanawe aliyekuwa anapiga kelele akatoka naye. Wazee wawili walivua kofia, sijui kwa nini. Walipita kando ya ukuta kwa ncha za viatu, wakatazama juu, wakatoka, na hakuna aliyetuuliza chochote.

Jua lilihama. Baba na Mjomba walikuja kututafuta na wasiwasi nyusoni, na wana wa Mjomba nyuma yao wakinuka samaki. Mjomba alifungua kinywa kuita. Kisha alimwona dada yake. Alikaa chini palepale alipokuwa, na wengine nao wakakaa, na Baba akaweka mkono wake juu ya macho yake akauacha hapo.

Mama alipoamka mwanga ulikuwa umegeuka njano na pazia la maji lilikuwa limeshika moto. Aliketi kwa ghafla, akatutafuta kwa macho mmoja mmoja.

"Nani alikuwa anachunga?" aliuliza.

"Wote," alisema Vumilia.

Mama alifikiri juu ya hilo. Alikung'uta mchanga kwenye kitenge, akamuuliza Mjomba ameiacha sombe na nani, na Mjomba akakiri kwamba ameiacha na Mungu. Tulicheka, na sauti zetu zilizunguka chini ya paa lile zikaturudia.

Tulipoanza kupanda ngazi za mwamba, wengine walitangulia. Mama alinishika mkono, nikabaki naye nyuma. Jioni hiyo alilala hemani, kati yangu na Elia, na kiangazi kilichofuata yeye ndiye aliyempigia simu Mjomba kuuliza tutakwenda lini. Lakini hayo nilikuwa sijayajua bado. Nilijua tu mkono wake, na kwamba alikuwa anatembea polepole, akiitazama miti upande huu na upande huu.

"Vumilia amesahau mvua," alisema.

"Mvua gani, Mama?"

"Ya siku ile. Hakukuambia vile ilikuwa inanyesha." Alisimama kwenye ngazi kupumzika, akaangalia chini tulikotoka. "Ilikuwa kubwa sana. Ndiyo maana waliokuwa wanatufukuza hawakutusikia. Na ulikuja kulia, baadaye, ulilia sana, na mvua ikawa inakufunika."

Kisha akaendelea kupanda, na alinisimulia mwenyewe yaliyobaki, hadi juu.